Silanga la Athi River na Wamiliki Wake Halisi

Silanga, yaani bwawa dogo linalochimbwa ili kukinga na kuhifadhi maji ya mvua, humjia mwenye ploti wa Athi River akilini likiwa tayari limejaa, lina perege wanaocheza na mayungiyungi yanayochanua, na kando yake kuna kiti ambacho yeye mwenyewe amekikalia. Ploti hiyo kwa kawaida ni ya futi 50 kwa 100, ambayo mawakala wa ardhi huiita sehemu moja ya nane ya ekari, ingawa kipimo hicho kikikamilika ni futi za mraba 5,445. Na upungufu wa futi za mraba 445, ambao mnunuzi huugundua akiwa amekwisha kulipa, unakaribia kabisa eneo la silanga la mita 8 kwa 5 analokusudia kulichimba.

Mmiliki wa kwanza kujitokeza ni udongo. Sehemu kubwa ya eneo hilo ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hufura unapolowa na kusinyaa unapokauka, hata nyufa zake wakati wa kiangazi zikaweza kumeza patipati ya mtoto bila kuirudisha. Mwenye ploti akikumbuka kwamba mji wake unajulikana kwa viwanda vya saruji, huamua kusakafia chini ya silanga kwa saruji, na hapo ndipo hujifunza kwamba udongo uleule unaopasuka wenyewe haushindwi kupasua na kilicho juu yake. Hatimaye hununua karatasi nzito ya plastiki, ambayo kazi yake ni kuzuia maji yasinywewe na ardhi, na ambayo mbuzi wa jirani huitoboa kwa kwato siku ya kwanza anapokuja kuonja maji.

Mmiliki wa pili ni jua. Silanga la ukubwa huo lenye kina cha mita 1 na kingo zilizosimama wima huchukua lita 40,000, na kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hazina mazoea ya kutimiza ahadi, mwenyewe huita boza nne za lita 10,000 kila moja. Ikiwa jua litakausha milimita 5 tu kwa siku, kiasi ambacho mtu hawezi kukitambua kwa macho, zitakuwa zimepaa lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20, kila siku, bila shukrani wala risiti.

Hufuata wapangaji wasioalikwa. Mbu, ambaye huhitaji kama siku kumi tu za joto kutoka yai hadi kuuma, hudhibitiwa kwa kufuga perege wanaokula viluwiluwi vyake. Lakini perege dume na jike wakiachwa pamoja huzaana kwa kasi, wakasongamana na kudumaa wakawa saizi ya kidole, hivyo huongezwa kambare ili awapunguze. Kambare naye, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya nje na kujikokota ardhini penye unyevu, hungoja usiku wa mvua akahamia kwa jirani, huku mdiria akivua waliosalia tangu alfajiri. Methali husema kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na hilo ni kweli, ila methali haikumzungumzia mwenye nyumba ambaye dirisha lake la chumba cha kulala liko hatua tano kutoka kwa chura huyo.

Kwa hiyo, anayeazimia kuchimba silanga katika mji huu aweke kwanza ua imara, kwa ajili ya mbuzi na zaidi kwa ajili ya watoto, kisha atafute fedha za boza kabla ya fedha za samaki. Kuhusu mahali pa kulichimba, hapajaonekana panapofaa kuliko zile futi za mraba 445 ambazo wakala hakumpa.