Bustani ya Kubana Matumizi

Jirani yangu hapa Kahawa Sukari ameamua kubana matumizi: sukuma wiki atalima mwenyewe. Hongera! Akanunua magunia, kokoto za kupanga katikati ili maji yapenye, samadi iliyoletwa na bodaboda (nauli iliizidi samadi), kisha tangi, maana maji ya mfereji huja yakipenda. Mvua ya Aprili ilimnyeshea bure, kama sisi tusio na tangi. Julai ikaingia na manyunyu yake ya Kiambu, jua likalala hadi adhuhuri, nyanya alizoongeza zikashikwa na ukungu, akanunua dawa. Mama mboga wa getini anauza fungu shilingi 20, na kukukatia ni bure. Juzi usiku nimemwona mkulima wetu pale, kofia machoni, akiagiza la 40.