Chupa Iliyokatazwa Kunywewa

Kwenu Mjomba na jamaa wote wa Kaloleni,

Nawaandikia kwa sababu ya kioja kimoja ambacho siwezi kukaa nacho peke yangu. Hapa bonde la mto Rhône, kusini ya Lyon, duka linakuuzia chupa ya mvinyo mwekundu wa Hermitage, linapokea pesa zako zote bila kupunguza hata senti, kisha linakuonya usiifungue kabla ya miaka 10, na ukijaliwa, 20. Unalipa leo, utakunywa mtoto akishamaliza chuo. Mjomba, nakujua. Utatikisa kichwa useme ndiyo maana wenzetu wako mbele, wana subira, na sisi tembo likishuka mnazini asubuhi, jioni kibuyu kitupu. Hoja hiyo naisikia hata huku, tena kwa Waafrika wenzangu waliokwisha jifunza kushika glasi kwa mguu wake. Nasema si kweli. Subira hiyo imo ndani ya chupa na chini ya nyumba. Ndani ya watu haimo zaidi ya ilivyo kwetu.

Tuanze na chupa. Hermitage ni kilima kimoja juu ya mji wa Tain, hekta 140 hivi tu, upande wake wa magharibi ni mawe ya graniti, na mteremko ni mkali hata kazi nyingi hufanywa kwa mikono. Zabibu yake nyekundu ni Syrah, yenye rangi nzito na tanini nyingi, na tanini mnaijua, ndiyo inayowakausha ulimi mkila bibo. Mvinyo ukiwa mchanga tanini hiyo inakaba. Miaka ikipita, chembe zake hushikana, hurefuka, nyingine huzama zikawa mashapo, na kinywaji kinalainika. Anayedai kwamba haya yote ni madoido ya matajiri na ainamie chupa kuukuu aone weusi uliotuama chini; madoido hayatui. Sasa tazameni tembo letu. Utamu wake umeanza kuchacha lingali juu ya mti, chachu zimeingia zenyewe, na baada ya hapo bakteria wanaligeuza siki. Mgema wa Kigiriama hata awe na subira ya Ayubu, akilingoja wiki atapata cha kuungia samaki.

Utanijibu kwamba watu wasio na subira wasingegundua jambo hili hata wangepewa kilima. Basi Mjomba, panda juu kidogo, upande wa kaskazini ya Lyon, kwenye Beaujolais. Huko Wafaransa hawa hawa, kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, hukimbilia mvinyo uliovunwa majuma machache tu yaliyopita, kwa mabango na mbwembwe, kana kwamba ukilala usiku mmoja zaidi utakufa. Taifa ni lile lile, ila zabibu ni nyingine na namna ya kutengeneza ni nyingine. Na mnazi mrefu wa kwetu je? Huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, kisha huishi kumpita aliyeupanda. Watu wanaopanda mti wa kugemwa na wajukuu, wakagombea urithi wake mpaka kwa chifu, wanaambiwa hawajui kungoja! Wala msidhani kungoja kumewafanya wenzetu watakatifu. Mgema wetu akisifiwa hulitia tembo maji. Wafanyabiashara wa Bordeaux, karne ya 18 na ya 19, wao waliuchanganya mvinyo wao na ule mkali wa Hermitage ili upate nguvu, na badala ya kuficha wakatangaza na kupandisha bei. Nimewaza sana kama niulaumu wizi au niipongeze akili.

Sasa chini ya nyumba. Majengo mengi ya zamani huku yana vyumba chini ya ardhi, kila mpangaji na chake, na humo ubaridi haubadiliki sana mwaka mzima. Asiye nacho hununua mashine. Kwa mbali utaidhani friji, lakini ole wako uweke samaki. Kioo chake kimetiwa giza kwa kuwa mwanga unaharibu mvinyo. Ina kichujio cha mkaa ili chupa zisisumbuliwe na harufu ya vitunguu vyako. Kompresa yake imekalia mipira, chupa zisitikisike. Zenyewe zimelazwa, vizibo visikauke. Na hapa ndipo akili yangu ilipogoma: nyingine zina hita ndani. Baridi ikizidi chumbani, friji inawasha joto, chupa ibaki kwenye nyuzi 12, huku mwenye chupa amevaa koti sebuleni akiogopa bili ya umeme. Mimi nakaa chini ya paa. Mwezi wa saba chumba changu kinaivisha ndizi. Hata nikikopa subira ya kobe, chupa itaharibika kabla subira haijaisha. Kwa hiyo aliyerithi ghala kwa babu yake anaonekana mvumilivu, na asiyerithi anaonekana mlevi. Mkitaka ushahidi, sisi wa aina ya pili hununua Crozes-Hermitage, Syrah ile ile inayozunguka kilima, sehemu kubwa tambarare, bei ya kuongeleka, na nyingi yake inanyweka baada ya miaka michache bila kulazwa kama mgonjwa.

Zabibu yenyewe, nisisahau, ilijidai Mshirazi kama nusu ya ukoo wetu wa pwani. Kuna hadithi kwamba mpiganaji wa vita vya msalaba aliileta kutoka Uajemi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanasayansi wakapima vinasaba: baba Dureza, mama Mondeuse Blanche, wote wa hapa hapa Ufaransa. Sisemi nasi tukapimwe. Ila harufu yake inayosifiwa ni pilipili manga, tena si kwa mfano. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba kemikali ni ile ile, rotundoni, na kama mtu mmoja kati ya watano waliowajaribu hakuweza kuinusa kabisa. Fikiria kulipa, kulaza, kungoja miaka 20, kisha pua ikunyime! Yangu haininyimi. Nusu glasi tu, na mimi nimo jikoni kwa shangazi, sufuria ya pilau ya harusi inafunuliwa, na watu wa Lyon wanashangaa nimenyamazia nini.

Chupa basi msiitarajie kutoka kwangu; chini ya mabati ya Kaloleni haitamaliza hata kiangazi kimoja. Lakini akipatikana msafiri wa kuja huku, mpeni pilipili manga nzima, robo kilo. Iliyosagwa ya pakiti inauzwa hapa na haina kitu.