Soja Alale Ndani

Soja ni paka dume wa rangi ya majivu, na kwetu Kiamunyi aliletwa kwa kazi. Panya walikuwa wametoboa magunia ya mahindi stoo, ndipo shosho, mama mkwe wangu, akamtoa Njoro angali mdogo wa kutoshea kiganjani. Kazi aliiweza. Lakini alipokomaa, mchana wote akawa analala juu ya tangi la maji, na jua likitua anajipenyeza chini ya ua wa kayaba, haonekani tena mpaka alfajiri.

Mimi nilitaka alale ndani, na nilikuwa na sababu. Tangu kabla Nakuru haijapewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, mashamba ya huku kwetu yamekuwa yakikatwa ploti, na usiku barabara ya kwenda Eldama Ravine ina boda boda na magari yasiyomhurumia paka. Kuna mbwa wanaotembea kwa makundi. Zaidi ya yote kuna sumu. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Huzuia damu isigande, na panya aliyeila huishi siku kadhaa akipepesuka, akiwa windo jepesi kuliko yote. Paka akimla, naye ameila sumu.

Shosho hakukubali. "Mwanangu, paka ni wa usiku," aliniambia akichambua maharagwe. "Ukimfungia, hayo mahindi nitayalinda mimi?"

Kilichomlegeza ni shavu la Soja. Asubuhi moja alirudi limevimba kama limao, jicho limefunga, hali wala hanywi. Tukampigia daktari wa mifugo, yule anayekuja kumpandisha ng'ombe wetu. Alimfunika kwa taulo, akakata kidogo, usaha ukamwagika kwenye sinia. Alitueleza kwamba jino la paka ni jembamba kama sindano. Linaingiza uchafu ndani kabisa, kisha ngozi inajifunga juu yake na jipu linajijenga kwa siri. Akasema ahasiwe akishapona, apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, na usiku asitoke.

Basi kidonda kilipokauka, kijana wetu alimnyakua Soja saa tatu usiku, akamwingiza sebuleni na kufunga mlango. Nyumba haikulala. Alipanda pazia hadi juu na kulishusha pamoja na fimbo yake, akaangusha themosi ya chai, akalia sauti ya mtoto mchanga. Mwishowe alirukia kabati la jikoni, akapenya kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na mabati, akawa nje.

Baba watoto akachukua ngazi na tochi. Mguu wa mtu mzima juu ya mabati saa saba usiku unasikika mtaa mzima, na mtaa ukasikia. Firimbi ikalia, mama mmoja akapiga nduru ya mwizi, na kabla sijafika langoni vijana walikuwa wamefika na rungu. Niliwahi kupaza sauti, nikimtaja mume wangu kwa jina na kuwasihi wammulike usoni. Namshukuru Mungu kwamba walisikia. Watu wamewahi kuuawa nchini kwetu kwa neno hilo moja, na miguu yangu ilitetemeka hadi kulipokucha.

Pale pale langoni, rungu zikiwa zimeshushwa, ndipo tulipoupata ukweli. "Huyu paka ni wenu?" jirani wa upande wa chini akauliza. "Mbona kila jioni anakula kwangu?" Mlinzi wa ploti akasema humpa ugali na maziwa. Kijana mwingine akakumbuka kwamba mama anayekaanga samaki steji humtupia vichwa. Paka mwenye sahani milango yote hana haja ya kutii mlango wowote. Tulikuwa tukimwita mtu aliyeshiba.

Kesho yake shosho mwenyewe alizunguka kwa majirani na kuwaomba: baada ya saa sita mchana asipewe chochote. Chakula cha jioni kikawa chetu peke yetu, omena iliyochemshwa bila chumvi, saa kumi na mbili unusu, mkebe ukitikiswa kwanza. Hapa tulipo karibu na Ikweta jua hutua karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo saa ya mkebe haibadiliki, na paka huishika upesi. Giza likishaingia umechelewa, maana machweo na mapambazuko ndiyo saa zake za kuwinda.

Mlango tuliochagua ni wa stoo. Sahani ilianza nje, ikasogezwa kizingitini, kisha ndani, na mlango ukabaki wazi. Namwona hadi leo: miguu ya mbele imeingia, ya nyuma imebaki nje, masikio yameelekea bawaba. Bawaba zile zilikuwa zinalia, na kila zilipolia alirudi nyuma. Kijana wetu alizipaka mafuta ya kupikia zikanyamaza. Alipozoea kumaliza sahani bila kugeuka, ndipo tulipoanza kufunga, kwanza kwa muda mfupi, halafu hadi asubuhi.

Choo kilitusumbua. Udongo wetu wa volkano ni mwepesi na paka huupenda kuchimba, ila ukilowa unakuwa tope na stoo inanuka. Shemeji anayeendesha lori akatuletea mawe meupe kutoka Kariandusi, karibu na Gilgil. Huko huchimbwa diatomaiti, iliyotokana na magamba ya mwani mdogo mno ulioishi katika ziwa la kale, na ndiko Louis Leakey alikofukua mashoka ya mawe. Jiwe hilo ni jepesi na linafyonza maji ajabu. Tunalivunja vipande vya ukubwa wa maharagwe, tunachekecha vumbi lote nje tukiwa tumejifunga kitambaa puani, kisha tunajaza karai.

Asubuhi mojawapo shosho alifungua stoo akakuta panya wawili wamelazwa mbele ya magunia. Hakusema neno, akatoka kwenda kukama. Jioni hiyo ndiye aliyetikisa mkebe, na tangu hapo hamwachii mtu kazi hiyo.

Soja amehasiwa na kuchanjwa. Mchana bado ni wa tangi la maji, na pale uani hupigana mara chache sana. Daktari alituambia tusimlaumu kwa kiu yake ya usiku. Paka pori wa Afrika, ambaye yuko hapa Bonde la Ufa hadi leo, ni ndugu yake wa karibu kiasi kwamba wakikutana wanazaana.

Nawe jirani, uwe Kiamunyi, Lanet au Bahati, ukitaka kutega sumu ya panya au ya fuko, tafadhali pita kwa majirani uwaambie mapema, kila mwenye paka apate kumfungia. Na panya utakayemkuta amekufa, mzike shimo refu siku hiyohiyo.