Jinsi ya Kuukamata Mng'ao Kabla Haujazimika

Sharti la kwanza: usizime simu usiku. Mlipuko wa miale ya gama haujali kama umeshakula au kesho una zamu ya asubuhi. Kwa wastani vyombo vya angani hunasa karibu mmoja kwa siku. Hudumu sekunde kadhaa, pengine dakika chache, basi. Kinachobaki cha kukimbiliwa ni mng'ao unaoachwa nyuma, nao una haraka zake: mara nyingi ukifika saa ya 10 huwa umebaki karibu sehemu ya kumi ya ulivyokuwa saa ya kwanza. Anayesema "ngoja nimalize chai" atakuta giza.

Sharti la pili: picha moja haitoshi, piga mbili. Tarehe 28 Februari 1997, BeppoSAX, setilaiti ya Italia na Uholanzi, ilinasa mlipuko upande wa Orion. Saa 8 baadaye ikageuzwa kuangalia palepale, ikakuta chanzo cha eksirei kinachofifia. Siku haijaisha, kikundi cha Jan van Paradijs kikapata picha ya eneo hilo kwa darubini ya William Herschel, kisiwani La Palma. Picha yenyewe ilijaa nukta nyeupe, na hakuna aliyeweza kuapa ipi ndiyo. Mpaka tarehe 8 Machi ilipopigwa nyingine. Ziweke sambamba, pitisha jicho taratibu: nukta moja haipo! Tangu setilaiti za Vela za Marekani ziinase milipuko hii kwa mara ya kwanza mwaka 1967, hakuna aliyekuwa ameuona mwanga wake wa kawaida. Mei mwaka huohuo, darubini ya Keck huko Hawaii ikapima mng'ao wa mlipuko mwingine, ikaonyesha kuwa ulitoka mabilioni ya miaka ya nuru, nje kabisa ya galaksi yetu.

Sharti la tatu ni gumu: fika kabla ya tukio. Usicheke, limewahi kutimia. Tarehe 19 Machi 2008 ilitokea milipuko miwili, ikipishana kama nusu saa, katika sehemu jirani za anga. Kamera zilizokuwa Chile zilikuwa zikiufuatilia wa kwanza pale wa pili ulipolipuka mbele yao. Kwa sekunde kadhaa, mtu aliye penye giza totoro angeweza kuuona kwa macho matupu, mwanga uliosafiri miaka bilioni 7.5.

Kwa kuwa bahati hiyo haipangiki, kuna Swift, setilaiti iliyorushwa mwaka 2004. Hugeuka yenyewe kuuelekea mlipuko, mara nyingi kwa dakika moja hivi, bila kusubiri amri ya mtu.

Sharti la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi: uwe na dishi Malindi. BeppoSAX ilizunguka karibu na ikweta, na kila mzunguko, kama dakika 96, ilipita juu ya pwani ya Kenya na kushusha takwimu zake kwenye kituo cha Waitaliano kule, zikatumwa Roma. Za Swift nazo hushukia hapohapo. Mwalimu wa fizikia wa Kilifi, unapofundisha habari za mwanga na umbali, anzia hapo. Wanafunzi wako wana haki ya kujua kwamba habari za ile nukta ya 1997 zilipitia kwao kwanza.