Mwongozo wa Kuchora Mfumo Usioulizwa Swali

Sharti la kwanza ni wakati. Michoro ya mfumo wa kompyuta kamwe isichorwe kabla mfumo haujaandikwa. Andikeni programu kwanza, muipandishe kwenye seva usiku wa kuamkia uzinduzi, mgeni rasmi akate utepe, kisha zikibaki siku chache kabla ya malipo ya awamu ya mwisho mkumbuke kwamba mkataba unadai hati ya usanifu. Hapo ndipo mchoraji aitwe. Mchoro uliozaliwa baada ya kazi hauwezi kubishana na kazi. Utakubaliana na kila kilichomo, hata kile kilichoingia kwa bahati mbaya saa nane za usiku.

Tuseme mteja wako ni SACCOS ya walimu inayotaka wanachama wake walipe marejesho ya mikopo kwa simu. Kikaoni kuna mwenyekiti, mama mhasibu na mjumbe mmoja mstaafu anayependa kuuliza. Huyo mstaafu ndiye tatizo lako. Mwongozo huu wote umeandikwa kwa ajili yake.

Mwanzie kwenye historia. Mwambie kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila bingwa wa usanifu alikuwa na alama zake. Grady Booch alichora klasi, yaani aina za vitu vilivyomo kwenye mfumo, kama mawingu yenye ukingo wa vipandevipande. James Rumbaugh alichora visanduku. Ivar Jacobson, Mswidi aliyepitia kampuni ya Ericsson, alikuja na namna ya kuueleza mfumo kwa kazi ambazo watu wanataka kuufanyisha. Rumbaugh alimfuata Booch katika kampuni ya Rational mwaka 1994, Jacobson akajiunga nao mwaka uliofuata, na Novemba 1997 shirika la viwango la OMG likaipitisha lugha yao ya pamoja, UML. Mawingu yakafa, visanduku vikashinda. Na yeyote aliyewahi kuchora mawingu thelathini kwa mkono ataelewa kwa nini. Toleo la 2.5 lina aina 14 za michoro na maelezo ya kurasa zinazokaribia 800. Tarakimu hizo mbili zitamke polepole, ukimtazama mstaafu. Kwamba Microsoft iliondoa zana za kuchorea UML katika Visual Studio ya mwaka 2017 si lazima kulitaja.

Kati ya hizo 14, anza na mchoro wa vijitu, wale wa kichwa duara na miguu ya njiti. Huu haujawahi kumuudhi mtu. Upande wa kushoto weka Mwanachama, kulia weka Mhasibu, katikati jaza mayai yenye maneno: Lipa Rejesho, Omba Mkopo, Ingia, Toka. Usisahau Ingia na Toka. Hazisemi lolote ila zinajaza karatasi. Kwa kuwa kanuni inaruhusu mfumo mwingine nao kuwa mhusika, mtandao wa simu uchore vilevile kama kijitu, mikono kaipanua. Kisha weka mishale miwili ya vipandevipande. Ule wa "hujumuisha" unatoka kwenye kazi kubwa kwenda kwenye kazi iliyomo ndani yake; ule wa "huongezea" unatoka kwenye nyongeza kurudi kwenye kazi kubwa. Ukiichanganya hutashikwa. Nusu ya waliofaulu somo hili chuoni waliichanganya pia, na mwalimu akaweka vyema.

Mchoro wa klasi ndio utakaokupa heshima. Visanduku vya vyumba vitatu: jina juu, sifa katikati, matendo chini. Halafu almasi kwenye mistari inayoviunganisha. Almasi nyeupe husema kitu hiki kina kile, kwa namna ambayo haijabainishwa sana. Rumbaugh mwenyewe aliwahi kuilinganisha na kidonge kisicho na dawa ndani. Itumie popote mkono unapochoka. Almasi nyeusi iogope. Hiyo ina maana kali: mzima akifutwa, sehemu zake zinafutwa naye. Kuna wachoraji wanaoiweka kati ya Mwanachama na Mkopo kwa sababu inapendeza ikiwa nyeusi, bila kugundua kwamba wameandika kanuni ya mwanachama kujitoa na deni lake likatoweka. Wadhamini wake wangefurahi sana.

"Kijana wangu, hizi almasi ni za nini?" mama mhasibu atauliza.

"Shikamoo mama. Hizo ni uhusiano."

"Marahaba. Uhusiano upi?"

Geuza ukurasa.

Sasa tufike kwenye michoro ya hatari. Wa kwanza ni ule wa mfuatano, ambapo wahusika wanapangwa juu, muda unashuka chini, na ujumbe unakwenda na kurudi kwa mishale. Ukiuchora kizembe ni salama kabisa: mwanachama anabonyeza, seva inauomba mtandao wa simu, mtandao unajibu "sawa", seva inampongeza mwanachama. Mishale minne iliyonyooka, kila ombi na jibu lake. Ole wako ukiweka kile kisanduku cha "vinginevyo", kinachogawa mchoro mapande mawili na kudai uchore jibu lisiporudi. Pesa imekatwa kwenye simu ya mwalimu kule Namtumbo, mtandao umejibu, jibu limepotelea njiani. Mwalimu haoni kitu, anabonyeza tena. Sasa rejesho moja limelipwa mara mbili, na mchoro unakutazama usoni ukisubiri mshale.

Mbaya zaidi ni mchoro wa hali. Huu asili yake ni David Harel, mwanasayansi wa kompyuta wa Israel aliyekuwa mshauri wa wahandisi wa ndege ya kivita ya Lavi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hati za mfumo wa ndege ile zilikuwa nene, lakini ukiuliza rubani akibonyeza kitufe fulani ndege ikiwa katika hali fulani kutatokea nini, jibu halikuwa rahisi kupatikana. Harel akaunda namna ya kuchora hali na mabadiliko yake, akaichapisha mwaka 1987, na UML ikaichukua. Hasara yake ni kwamba inachukua kitu kimoja tu, mathalani malipo, na kukulazimisha kutaja kila hali inayoweza kukikuta: yameombwa, yametumwa, yamethibitishwa, yamekataliwa. Kisha mtu fulani, kwa kawaida yule mstaafu, atanyanyua kidole na kuuliza malipo yaliyotumwa na ambayo hayajajibiwa yako wapi. Itabidi uchore kisanduku cha tano, "hayajulikani". Kikishachorwa kitadai mishale. Nani anayatoa humo? Baada ya muda gani? Mhasibu anaruhusiwa kuyafuta? Mwanachama akibonyeza tena wakati rejesho lake limelala humo, mfumo umkatalie au umpokee?

Maswali hayo kuyajibu mapema, kwa chaki ubaoni, mhasibu na mtengeneza programu wakikaa pamoja asubuhi moja, ni kazi ya karatasi moja. Ndiyo maana tunashauri mchoro wa hali usiingizwe katika hati. Wateja wakianza kuona kwamba mchoro unaweza kufichua jambo, watataka kuuona kabla ya kulipa awamu ya kwanza, na ratiba yote itavurugika.

Zana. Siku hizi kuna vijana wanaoandika michoro kwa maneno matupu, kwa PlantUML au Mermaid, na kuyaweka maneno hayo pamoja na programu yenyewe, ili programu ikibadilika mchoro nao urekebishwe palepale na anayerekebisha aonekane. Wakanye kwa upole. Mchoro wako uhifadhi kama picha, ndani ya hati, na faili la asili libaki kwenye kompyuta mpakato yako ya zamani. Herufi ziwe ndogo kiasi kwamba kwenye karatasi ya A4 hazisomeki ila mwanga ukiwa mzuri.

Chapisha nakala tatu, zipigwe jalada gumu, ukurasa wa saini uwe wa pili. Mwenyekiti atasaini kwanza kwa kuwa ana safari, mhasibu atasaini kwa kuwa mwenyekiti kasaini. Mstaafu asipewe kalamu mpaka chakula kiletwe.

Mwaka ujao SACCOS itaajiri kijana wa kuutunza mfumo. Mpe hati hiyo siku ya kwanza, aisome mpaka saa nane mchana. Akija kukuuliza marejesho yaliyolipwa mara mbili yanashughulikiwa wapi, mwelekeze kwa binti aliyeandika programu. Kama ameshaacha kazi, mtafutie namba yake ya simu.