Harusi ya Magunia

Leicester, Uingereza

  

Shangazi, leo sikuandikii habari za kazi wala kodi ya nyumba. Nataka nikupe habari za harusi za huku, maana wewe umekalia kamati za harusi tangu mimi sijazaliwa, na nimeona mambo ambayo kamati yako ingeyajadili vikao vitatu na bado mngeondoka mmenuniana.

Mwenzangu wa kazini, Mwingereza, ameolewa. Kadi ilinifikia miezi minane kabla. Karatasi yenyewe ni kaki, ile ya kufungia vitumbua, imezungushiwa kamba ya katani kama mzigo wa dagaa. Ndani limeandikwa jina langu, basi. Si dabo, si "pamoja na familia". Mume wangu kaigeuza kadi mbele na nyuma akitafuta jina lake mpaka nikamwonea huruma.

Halafu wageni wenyewe wana madaraja. Kuna wa mchana, wanaoshuhudia ndoa na kula chakula cha kukaa mezani. Na kuna wa jioni, wanaofika wenzao wakishashiba, wakacheza muziki na kupewa mkate uliotiwa soseji. Daraja lako unaelezwa humo humo kwenye kadi, kwa mwandiko wa kupendeza, na hakuna anayekasirika! Hebu mwambie mama mdogo wa Muheza aje harusini baada ya pilau, uone kama ukoo utabaki mzima.

Mimi nilikuwa wa mchana, Mungu kanisitiri. Nikaulizwa kwa maandishi nitakula kuku, samaki au mboga, nijibu kabla ya tarehe fulani. Ukishajibu samaki, samaki wako amehesabiwa, ni mmoja, na hana ndugu jikoni.

Ndoa ilifungwa kwenye banda la shamba. Usicheke. Wenye mashamba wamegundua kwamba maharusi wanalipa vizuri kuliko ng'ombe. Zamani mtu wa huku asiyetaka ndoa ya dini alikwenda ofisi ya msajili tu. Ni sheria ya mwaka 1994 iliyofungua mlango kwa mahoteli, majumba ya kifahari na mabanda kama hili kuomba kibali. Na hata hapo ilibidi muwe chini ya paa. Kufunga ndoa ya kiserikali bustanini, kwenye hayo maeneo yenye kibali, kumeruhusiwa juzi tu, Julai 2021, wakati wa korona. Kwa mvua za nchi hii sijui waliharakia nini.

Kabla ya siku yenyewe kila mmoja anatoa taarifa ofisini, zipite siku 28. Kwa sisi wageni wa nchi serikali inaweza kuzivuta mpaka 70, ichunguze kama hao wawili wanatakana kweli. Hapo kwetu Ngamiani, Tanga, kazi hiyo majirani wanaifanya bure na wanaimaliza kwa wiki moja. Lakini hili utalipenda: mpaka Mei 2021, vyeti vya ndoa vya hapa Uingereza viliandikwa majina ya baba tu. Mama aliyebeba mimba na kulea hakuwa na nafasi kwenye karatasi. Sasa anaandikwa.

Ndoa yenyewe haikufika nusu saa. Ya kiserikali haitakiwi kuwa na dua wala wimbo wa dini, na msajili yuko macho. Mimi nikapiga Bismillahi yangu kimoyomoyo, maana watu hawawezi kuachwa waondoke hivi hivi.

Sasa mapambo. Shangazi, meza zilitandikwa magunia. Magunia! Yamekatwa vipande virefu, yamelazwa katikati ya meza, na juu yake chupa za jamu zilizofungwa kamba shingoni, kila chupa imetiwa maua ya porini na mshumaa. Viti vya nje vilikuwa marobota ya majani makavu ya ng'ombe, yamefunikwa blanketi. Kwenye kona ngazi ya mbao iliyochoka imeegeshwa ukutani, na kila kipago kina chungu cha maua. Sisi ni watu wa Tanga, tumeishi na mkonge tangu yule Mjerumani Hindorf alipouleta mwaka 1893, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia kwamba kamba ya kufungia mbuzi ni pambo la harusi. Huku inauzwa kwa vipande, imesokotwa kwenye kibao kidogo, na bei yake ningekutajia ungedhani nimekosea nukta.

Nilikaa nikayatazama yale magunia kwa muda, na nikabadili mawazo. Zile chupa bibi harusi alizikusanya mwaka mzima. Kazini sote tulikuwa tukimletea, ukimaliza jamu unasuuza. Vile vibendera vya pembe tatu vilivyoning'inia darini alivishona mwenyewe kutoka magauni ya bibi yake aliyefariki. Kila meza ilipewa jina la mji waliowahi kwenda pamoja wakiwa wachumba. Mimi niliketi Blackpool, ambako nasikia mvua iliwanyeshea siku zote mbili. Hakukuwa na kitu humo bandani ambacho ungeweza kukihamishia kwenye harusi ya mtu mwingine kesho yake kikafaa.

Shela ilikuwa nyeupe, na chini yake raba za kijani, sababu shambani kuna tope. Kuhusu weupe huo, naomba uwaeleze wale wanakamati wanaodhani umeshuka pamoja na vitabu. Zamani hata huku wengi waliolewa wakivaa gauni lao zuri, la rangi yoyote. Malkia Victoria alipoolewa na Albert, Februari 1840, alivaa hariri nyeupe na lesi ya Honiton, akiwatafutia soko mafundi wa lesi wa nchi yake. Picha zikasambaa, matajiri wakaiga, wengine wakafuata, mpaka ikafika Tanga tukaiita mila.

Mengine nitayapita haraka. Msimamizi wa bwana harusi alisimama akamtukana rafiki yake robo saa nzima, akataja mpaka wachumba wa zamani, na watu wakacheka na kugonga glasi. Kwetu MC angeshakata maiki. Vinywaji baada ya chakula unanunua mwenyewe. Naam, harusini, unatoa pochi. Keki yao ya asili ni ya matunda yaliyorowekwa kwenye pombe, kwa hiyo mimi niliiangalia kwa macho tu, na mila yao ni kuihifadhi ghorofa yake ya juu mpaka ubatizo wa mtoto wa kwanza. Sisi keki yetu haifiki saa sita za usiku. Simtaji mtu, ila kuna watu huja na mifuko.

Nikamuuliza bibi harusi kamati ilikuwa na watu wangapi. Akanitolea macho. Kamati? Yeye na mumewe. Walidunduliza miaka miwili, wakalipa wenyewe, ndiyo maana wageni tulikuwa sitini, na ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuuliza kwa nini magunia.

Hapo, Shangazi, ndipo nilipolipata jambo langu. Huwa tunasema harusi zetu zinafanana kwa sababu wapambaji wetu hawana ubunifu. Tunawaonea. Zinafanana kwa sababu zimelipiwa na watu mia nne, na kila aliyetoa elfu hamsini ametoa na rai. Mmoja anataka zambarau, mwingine dhahabu, mwenyekiti ana shemeji mwenye viti vya kukodisha, na bibi harusi akisema anapenda ukili na asumini anaambiwa atapamba nyumbani kwake akishaolewa. Mwishowe inachaguliwa ile isiyomuudhi yeyote: meza kuu yenye taa, viti vyenye fundo la riboni mgongoni, maua ya plastiki. Sisemi michango ni mibaya. Huku nawajua walioachana na deni la harusi bado wanalilipa. Mchango ndio unaomwezesha binti wa muuza samaki kuolewa kwa matarumbeta. Lakini rangi ya kitambaa cha meza haihitaji akidi.

Wala usifikiri wetu walioko huku wamepona. Miezi michache iliyopita kuna familia ya Mombasa ilioza binti yao, mzaliwa wa hapa hapa Leicester. Mama alitaka viti vya enzi vyekundu na dhahabu. Binti alitaka ukumbi wote upambwe kanga. Wakagombana mpaka majirani wakajua maneno mapya ya Kiswahili. Nikawasindikiza Belgrave Road, mtaa wa Wahindi wenye maduka ya sari na dhahabu, ambako nusu ya harusi za mji huu hupata nguo.

Dukani tukapokelewa na mama mtu mzima aliyetusikiliza kidogo tukibishana, kisha akasema, "Karibuni, mnatafuta nini, vitambaa?" Kiswahili safi, cha Kampala. Aliondoka huko mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi. Mwaka ule ule baraza la jiji hili la Leicester lilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huku. Wakaja. Leo jiji lenyewe linawajia kwa nguo za harusi, na sisi tukamwomba bei ya mwisho kwa lugha yetu, akatukatalia kwa lugha yetu. Asumini tuliipata kwa jirani yake, imetungwa kwenye uzi tayari, kwa ajili ya nywele za mabibi harusi wao. Tukaitumia kwa vikuba. Kilua hakipo, nisikudanganye.

Suluhu ikawa viti vya enzi kwa mama, kanga kwa binti. Siku ya siku ukumbi ulipendeza, Shangazi, wallahi. Kanga ukutani, kanga mezani, udi umetanda, mtu unasahau kwamba nje kuna theluji. Tatizo ni kwamba binti, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea chakula, alizichagua kanga kwa maua yake na kuzikabidhi kwa mpambaji asiyejua hata neno moja. Mama mkwe akaingia na ujumbe wake, akaongozwa kwa heshima zote hadi meza yake, akatazama kitambaa mbele ya sahani. MTASEMA MCHANA, USIKU MTALALA. Akamgusa dada yake. Dada yake naye akavaa miwani. Mama wa binti, niliyekuwa nimesimama naye, aliishiwa nguvu za miguu, mpaka somo mmoja mzee akaipitia meza hiyo, akaikunja ile kanga huku anaimba, kama vile ndivyo ilivyopangwa, akatandika nyingine. Na nyingine nayo aliisoma kwanza.

Sasa nije kwa mdogo wangu, anayeolewa mwezi wa kumi na mbili. Ameniandikia kwa siri kwamba anataka mikeka ya ukili, taa za chemli na asumini, na kwamba kamati imeshapitisha zambarau. Mchango wangu nimeutuma kwa simu leo asubuhi, na nyongeza yake. Naomba wewe, kama mweka hazina ambaye hakuna anayembishia, uuweke mezani kwa sharti: ukumbi, pilau na matarumbeta viwe vya kamati, meza na maua awe na neno yeye. Na akitaka kanga, ukazisome wewe mwenyewe kabla hazijatundikwa.

Ni mimi mwanao.