Mhadhara wa Profesa Kopi, Uliotolewa Nje ya Steshenari Umeme Ulipokatika

Itifaki imezingatiwa. Mheshimiwa mama wa chipsi, ndugu kinyozi jirani yangu, vijana wa mwaka wa kwanza mliopanga foleni na madesa mkononi, na ninyi wawili mliokalia ndoo zangu bila ruhusa: habari za mchana. Kama mnavyoona, umeme umekatika. Mashine imezimika katikati ya ukurasa wa 14 wa desa la Hesabu za Uhandisi, na ukurasa wenyewe umebaki tumboni kama Nabii Yunus. Msinung'unike. Kumkuta mtaalamu hana kazi ni bahati isiyokuja mara mbili kwa muhula. Ndugu kinyozi, naomba upunguze muziki.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Profesa Kopi. Hilo la Kopi nimepewa na wateja. La Profesa nimejipa mwenyewe, baada ya kuona wanaohusika wanachelewa. Kwa miaka 19 nimekaa hatua 40 kutoka geti la chuo. Geti lenyewe sijalivuka hata siku moja, maana mlinzi anataka kitambulisho, nami si mtu wa kujitambulisha kwa walinzi. Lakini nawauliza: ni mkufunzi gani humo ndani aliyeshika kila somo la kila idara? Wa umeme zege halijui. Wa ujenzi gia hazijui. Kwangu yamepita yote, mbele na nyuma, mengine kwa rangi.

Nianze na historia, kwa sababu mhadhara usio na historia ni tangazo tu. Mwaka 1957, enzi za Mwingereza, ilifunguliwa hapa Dar es Salaam Technical Institute. Baadaye ikawa Technical College, na mwaka 1997 ikawa Taasisi ya Teknolojia, hiyo DIT mnayoijua. Arusha nao walipata chuo chao mwaka 1978, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Zamani hizo kijana akitoka kidato cha nne alisoma miaka mitatu akapata cheti cha ufundi kiitwacho FTC. Mzee wa FTC mpaka leo ukimkuta utamjua: hapandi basi mpaka asikilize injini. Siku hizi miaka ni ile ile mitatu, ila imekatwa vipande chini ya baraza linaloitwa NACTVET: ngazi ya 4, ya 5, na ya 6 ndiyo stashahada yenyewe. Kila ngazi na mitihani yake, kila mtihani na desa lake, kila desa na kopi zake. Hapo ndipo niliponunua mashine ya pili.

Kuna mtu ameuliza ngazi ya 1, 2 na 3 ziko wapi. Hizo ni za wenzenu wa ufundi stadi, watu wa VETA. Wale huwa hawaji hapa kutoa kopi. Wanatengeneza vitu. Siwaelewi.

Sasa, cheo. Mkimaliza salama, bila kudisko, serikali itawaita mafundi sanifu. Nyumbani watawaita mainjinia. Msibishane. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina daftari lake na makundi yake, lakini shangazi yako daftari hilo hajaliona. Yeye siku ya mahafali atakuja na khanga mpya na redio iliyonyamaza tangu msiba wa babu. Ukimwambia, "Shikamoo shangazi, mimi nimesomea ujenzi," atakujibu, "Marahaba mwanangu, kwani si yote uinjinia?" Hapo kitaalamu unaichukua redio, unaitikisa karibu na sikio, unavuta pumzi, unasema: "Spea yake haiingii tena nchini." Jibu hilo ni la enzi za FTC na halijawahi kumwangusha mtu.

Turudi kwenye elimu yenyewe. Nimechunguza masomo yenu kwa kipimo kimoja tu, unene wa desa, na nimegundua kasoro kubwa. Mchukueni huyu Ohm. Georg Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa shule huko Köln, alitoa kitabu kizima mwaka 1827, na leo kinachokaririwa ni herufi tatu: V ni sawa na I mara R. Wenzake kule walikipokea kwa baridi, akaacha kazi yake ya ualimu. Mimi siwalaumu. Baba yake alikuwa fundi makufuli, na mtoto wa fundi makufuli kazoea kuona kitu kidogo kikifungua mlango mkubwa. Lakini herufi tatu! Mwanafunzi anaiandika kiganjani na kwangu haji. Afadhali watu wa mekanika ya vimiminika. Kanuni zao zikianza kushoto mwa ukurasa, kulia zinafika zimechoka.

Mhandisi wa kweli, ambaye hamfundishwi habari zake, ni Chester Carlson wa Marekani. Bwana huyu alisoma fizikia, akaajiriwa ofisi inayoshughulikia hataza, kazi iliyotaka nakala za michoro na maelezo kila uchao. Kunakili kwa mkono kulimchosha. Tarehe 22 Oktoba 1938, huko Astoria, New York, yeye na msaidizi wake walichukua sahani ya zinki iliyopakwa salfa, wakaisugua kwa kitambaa, wakaweka juu yake kioo chenye maandishi, wakakimulika taa, wakainyunyizia unga. Unga ukashika pale penye maandishi tu. Kampuni moja baada ya nyingine zilimwambia hazioni faida yake. Huyo, vijana, ndiye baba wa madesa yote, na kama chuo kingekuwa na adabu picha yake ingetundikwa getini.

Unga ulishikaje? Swali zuri. Ulishika kwa kuwa ulikuwa na ubora. Ndiyo maana nawaambia kila siku, tona ya bei poa haishiki. Nani amesema chaji? Binti, wewe mwenye ripoti kwapani, mikono inanyooshwa kwanza. Kusugua kunaleta chaji, chaji inavuta unga, mwanga unaifuta chaji pasipo maandishi... Haya, tumekusikia. Inawezekana pia.

Nije kwenye jambo linaloniumiza: karakana. Dirisha la stoo yangu linatazamana na dirisha lao, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Mwaka juzi kulikuwa na msichana mmoja, kapewa jiliwa, tupa na kipande cha chuma kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Kazi yake: kila upande unyooke, kila pembe iwe mraba. Basi anasukuma tupa, kiganja kimoja kwenye mpini, kingine kwenye ncha. Akirudi anainyanyua kidogo, kwa kuwa tupa hukata ikienda, ikirudi haikati. Anapangusa unga wa chuma kwa brashi. Anaegesha skwea, anainua vyote viwili usawa wa jicho, anavielekeza dirishani, upande wangu. Mwanga ukipita kati ya skwea na chuma, kazi bado. Siku ya kwanza ulipita kama mlango ulioachwa wazi na watoto. Siku ya tatu ukawa uzi. Juma la pili alikuwa na plasta vidole viwili na mwanga ukawa unywele, tena upande mmoja tu. Akikata unywele ule, pembe ya pili inaharibika. Anaanza upya. Alasiri moja nimekwenda stoo kuchukua rimu ya karatasi, nikamwona amekiinua, kakigeuza, kakitazama, kakigeuza tena. Hapakupita kitu. Akacheka peke yake kama mwenda wazimu, akakitia mfukoni.

Sasa nauliza mbele ya mashahidi: kitu kile kinabaindika? Kina kurasa ngapi? Ana kwa ana na mwajiri utakitoa mfukoni useme nini?

Watu wa ujenzi ndio kabisa. Wanajaza zege kwenye koni ya bati ya milimita 300, tabaka tatu, kila tabaka wanalishindilia kwa nondo mara 25, wanalihesabia kwa sauti kama watoto wa chekechea, halafu wanainyanyua koni ili waone zege limeshuka kiasi gani. Likishuka sana, maji yamezidi. Mwanafunzi wa kwangu anajua jibu hilo bila kuchafua viatu. Liko ukurasa wa 31, mstari wa nne. Kwamba siku moja atasimama kwenye saiti mbele ya fundi anayeongeza ndoo ya maji kisirisiri ili zege liwe laini kukorogeka, na desa liko nyumbani, hilo ni suala la saiti, si la kitaaluma.

Fildi nayo nitaigusa kwa haraka. Logibuku zinapatikana kwangu, tupu na zilizojazwa. Wiki ya kwanza, utambulisho na usalama kazini. Wiki ya pili, kuagizwa vitumbua. Kuanzia ya tatu, "tuliendelea na kazi ya jana." Msimamizi anasaini bila kuvua miwani ya jua.

Ama projekti ya mwaka wa mwisho, hiyo ni taaluma yangu binafsi. Ndani ya flashi hii ninayovaa shingoni mna "Mfumo wa Kumwagilia Bustani Unaojiendesha", kihisi cha unyevu kwenye udongo, bodi ndogo ya kielektroniki, pampu ya maji. Umeshamfaulisha kila aliyebadilisha jina kwenye jalada. Wenyewe sijauona ukimwagilia hata mchicha, ila kwenye karatasi unamwagilia vizuri sana. Tatizo limetokea mara moja tu: kijana mmoja mwenye ndevu alisahau kusoma ukurasa wa shukrani, akasimama mbele ya jopo na ripoti inayomshukuru mume wake kwa uvumilivu. Tangu hapo natoza ada ya uhariri.

Ndugu kinyozi! Muziki! Watu wako masomoni!

Ndiyo, binti. Umenyoosha mkono safari hii, nakupongeza. Unauliza mbona kwa kinyozi kuna umeme. Hilo ni swali la ngazi ya 4, na wewe uko ya 6, unanisikitisha. Umeme ni kama rizki, mmoja anapata, mwingine... Unakwenda wapi? Usiguse boksi hilo! Mashine zangu hazifunguliwi ila na fundi wa kampuni, na akija hunifukuza ndani kwa saa mbili. Anainama. Jamani, anasoma kibandiko nyuma ya mashine. Miaka 19 sijapata kujua kama kule nyuma kuna maandishi. Sasa anasoma kitako cha jagi langu. Mwanangu, hilo ni jagi la chai ya mhadhiri, lilikuwa karibu kuchemka wakati umeme unaondoka, tena ndicho kilichoniuma zaidi.

Kachukua kopi iliyoharibika, anaandika nyuma yake. Feni inapeperusha... hapana, feni imezimika, ni upepo. Katoa kitu mfukoni kagandamizia karatasi. Kizito kizuri. Kichuma kidogo, kimenyooka kila upande, ukikiweka mezani hakitikisiki. Unakiuza? Basi, nilikuwa nauliza tu.

Hebu nisome, ili wa nyuma wasikie upuuzi huu. Mashine ya kopi, wati 1,400. Jagi, wati 2,200. Jumla 3,600. Gawa kwa volti 230. Amperi 15 na ushee. Breka ya duka, 10. Mwisho. Mstari mmoja! Herufi tatu tena, mnaona? Ugonjwa ni ule ule wa mtoto wa fundi makufuli. Hakuna utangulizi, hakuna shukrani, hata jalada hakuna. Kwa mtindo huu atakula wapi?

Sasa anachomoa jagi. Anasukuma kitu juu ya mlango...

Naam! Umeme umerudi! Mmeona wenyewe, nimewaambia msinung'unike, huwa unarudi wenyewe. Foleni, foleni! Aliyekuwa wa kwanza ni nani? Wewe wa Hesabu za Uhandisi, ukurasa wa 14 umetoka mweusi nusu, lakini nusu yenye maswali inasomeka. Binti, ripoti yako kubaindi ni elfu mbili, spairo nyeusi imekwisha, iko ya kijani. Nimekupunguzia kwa sababu ulikuwa msikivu.

Na wewe uliyekalia ndoo, hebu chomeka lile jagi, koo la mtaalamu limekauka.